Mtutu wa 1942 kwenye bodi ya 1917

REHEMA: Karibuni tena wasikilizaji wetu. Leo mezani kuna bunduki moja tu: SMLE (Short Magazine Lee-Enfield) Namba 1 Mark III nyota, ya Kiingereza, inayokula risasi ya .303. Wazee wetu waliokuwa Keya, yaani King's African Rifles, waliijua vizuri sana familia hii ya bunduki. Kaka Salim, wewe unasema hii imewahi kuvunjwa ikaundwa upya. Umejuaje?

SALIM: Kabla ya yote nilifungua bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, nikatazama chemba inamokaa risasi kwa macho, kisha nikapitisha kidole. Haina kitu. Hilo silifanyii mzaha hata bunduki ikiwa ya makumbusho. Halafu nikasoma pete ya chuma pale kitako kinapoungana na bodi, yaani kiwiliwili cha chuma kinachobeba bolti na mtutu. Upande wa kulia: taji, GR, B.S.A. Co., 1917, ShtLE III na nyota yake. Maana yake bodi ilitengenezwa Birmingham wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Upande wa kushoto kuna herufi tatu, FTR, na mwaka.

REHEMA: Hizo herufi ndizo zinazowatisha wanunuzi.

SALIM: Na haziwapasi kuwatisha, dada yangu. FTR, yaani Factory Thorough Repair, ni matengenezo kamili ya kiwandani. Bunduki inafumuliwa yote, kila kipande kinapimwa kwa geji, yaani kipimo maalumu cha chuma, kilichochoka kinatupwa. Kazi hiyo ilifanyika Uingereza, ikafanyika Lithgow kule Australia, na Ishapore, India. Jeshi halikuwa na haja ya namba zilingane kwa ajili ya kupendeza. Lilitaka bunduki ipige.

REHEMA: Haya, twende kwenye mtutu.

SALIM: Ukitoa kifuniko cha mbao cha juu, pale mtutu unapoingia kwenye bodi unaona sehemu nene yenye ubapa. Pembeni yake kuna tarehe ya mtutu. Hapa ni '42. Bodi ya 1917, mtutu wa 1942: tayari una miaka ishirini na tano ambayo mtutu wa kwanza ulifanya kazi, au ulikaa ghalani, kabla ya kuondolewa. Mtu akikuambia bunduki hii "haijaguswa tangu kiwandani", tarehe hiyo peke yake inamjibu.

REHEMA: Na kufunga mtutu mpya si kuuzungusha tu kwenye hesi mpaka ugome?

SALIM: Hapana, na hapo ndipo ufundi ulipo. Kwenye bunduki hii, kitalu cha saiti ya mbele ya kulengea na kitanda cha saiti ya nyuma vimefungwa kwenye mtutu wenyewe. Kwa hiyo ule ubapa niliousema lazima ukae juu kabisa, sambamba na bodi, wakati bega la mtutu limebana. Ukizungushwa kwa mkono unafika karibu. Sehemu ndogo iliyobaki inavutwa kwa spana kubwa. Ukipita kidogo, saiti zinainamia upande mmoja. Ukipungua, zinainamia upande wa pili. Shika bunduki mbele yako, tazama kutoka nyuma. Hii hapa, angalia.

REHEMA: Naona ncha ya mbele imesimama wima katikati ya masikio yake.

SALIM: Na masikio yamesimama wima kulingana na bodi. Aliyefunga mtutu huu alikuwa fundi.

REHEMA: Kuna msikilizaji ameuliza kuhusu nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda la risasi.

SALIM: Swali zuri mno. Risasi ya .303 ina ukingo nyuma, na ukingo huo ndio unaoizuia isizame ndani ya chemba. Geji ya chini ni inchi 0.064: bolti ifunge juu yake. Geji ya juu ni 0.074: bolti ikatae kufunga. Ikifunga juu ya hiyo ya pili, ganda linanyooka kila likipigwa na mwisho linakatika karibu na kitako chake, gesi moto inarudi kwa aliyeshika. Mtutu mpya ukiingia, au bolti ya bunduki nyingine, kipimo hiki lazima kirudiwe.

REHEMA: Hata kama namba ya bolti ni sawa na ya bodi?

SALIM: Hata hivyo. Namba sawa inakupa matumaini, geji inakupa jibu. Tena bolti ya hapa hufungia nyuma, kwa masikio yake mawili yanayoshika bodi (si yale ya saiti), na yote mawili yabebe mzigo. Mafundi walipaka masizi, wakafunga na kufungua, wakaangalia yamefutika wapi. Yakifutika upande mmoja tu, kazi bado.

REHEMA: Mbao je? Mimi hii ya mbele imenishangaza.

SALIM: Umeona vizuri. Ubavuni ina nafasi iliyochongwa kwa ajili ya saiti ya masafa marefu. Saiti hiyo ilikuwa kwenye Mark III ya 1907. 1916 ikaachwa ili uzalishaji uende kasi. Bodi yetu ni ya nyota, kwa hiyo mbao imetoka kwa dada yake mkubwa.

REHEMA: Na namba hii iliyopigwa mstari kwenye shina la bolti?

SALIM: Hiyo naipenda. Namba ya zamani imefutwa kwa mstari mmoja, mpya imegongwa kando yake. Hivyo ndivyo ghala la jeshi lilivyofanya, waziwazi. Kinachoniuma ni wauzaji wanaosaga namba ya zamani hadi chuma king'ae, kisha wanagonga mpya ili zote "zilingane" na bei ipande. Wanafuta rekodi ambayo hakuna karatasi itakayoirudisha. Pitisha ukucha: palipo na bonde dogo kuzunguka tarakimu, uliza maswali.

REHEMA: Na maandishi haya ya tani?

SALIM: Tani 18.5 kwa inchi mraba. Ni alama ya jaribio la shinikizo la kiraia la Uingereza, iligongwa bunduki ilipotoka jeshini kwenda kuuzwa. Kwa mpangilio, basi: bodi 1917, mtutu 1942, kisha FTR, kisha soko. Mbao sijui ilipandishwa lini, na kwenye kadi ya makumbusho nitaandika hivyohivyo.