Ndege Ikifutwa kwa Majivu au Dhoruba, Hoteli Analipa Nani?

ELIA: Habari zenu wasikilizaji, mlioko Moshi, mlioko Arusha, na ninyi mlio mbali zaidi. Mimi ni Elia. Dada Ndeshi yupo hapa mbele yangu na makaratasi yake yamejaa meza nzima.

NDESHI: Yamejaa kweli, kaka Elia, kwa sababu leo sitaki kusema "nimesikia". Miaka yote hii nakata tiketi hapa mjini Moshi, na kuna sentensi moja inaniumiza kila nikiisikia: "Mama, hii ni amri ya Mungu." Mzazi wa watu amesimama kaunta pale KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, na begi lake, safari imefutwa, kijana wa kaunta anamwambia hivyo, naye anaitikia, "Haya mwanangu, Mungu ni mwema." Anageuka kutafuta teksi. Analala gesti Boma Ng'ombe kwa hela yake, anakula kwa hela yake. Kumbe kwa tiketi aliyokuwa nayo, shirika ndilo lilipaswa kumlaza na kumlisha.

ELIA: Subiri kidogo. Volkano imelipuka huko, shirika la ndege limekosa nini?

NDESHI: Halijakosa chochote. Kuna fidia, na kuna kuhudumiwa wakati unasubiri, na watu wanavichanganya. Fidia ni hela unayolipwa kwa sababu umesumbuliwa. Kuhudumiwa ni chakula, kinywaji, mahali pa kulala, gari la kukupeleka hotelini na kukurudisha uwanjani, na njia ya kuwapigia simu wa nyumbani. Volkano, kimbunga, theluji, ukungu mzito, hayo yote yanaweza kuiondoa fidia. Hayaondoi ile huduma, na hayaifanyi nauli yako iwe mali ya shirika.

ELIA: Na hilo linasemwa na sheria gani? Maana ukifika kaunta ukasema "nimesikia kwenye podikasti", hawatakusikiliza.

NDESHI: Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004. Iandike mahali, 261/2004. Inakuhusu ukiondoka kwenye uwanja wowote ulioko Umoja wa Ulaya, ndege iwe ya nani. Inakuhusu pia ukitoka nje ya Ulaya kwenda Ulaya, kama shirika linaloendesha safari hiyo ni la Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo ukipanda KLM hapa KIA kwenda Amsterdam, umo. Ukipanda Ethiopian au Qatar hapa KIA kwenda huko huko, haumo. Lakini siku ya kurudi, ukiwa Frankfurt au Paris na tiketi ya Ethiopian au Qatar, umo, kwa sababu unaondokea Ulaya.

ELIA: Kumbe safari moja, kwenda una haki nyingine na kurudi una nyingine.

NDESHI: Ndiyo hivyo. Na wateja wangu wengi ni mabibi wanaokwenda kuwasaidia binti zao waliojifungua Ujerumani au Uholanzi. Hakuna anayewaambia.

ELIA: Tuwape wasikilizaji ile ya 2010, maana ndiyo iliyoijaribu sheria hii kwelikweli.

NDESHI: Aprili 2010, Iceland, mlima unaitwa Eyjafjallajökull, samahani kwa watu wa Iceland kama nimeutamka vibaya. Tarehe 14 ulianza kurusha majivu juu sana, na kuanzia tarehe 15 anga ya Ulaya ikafungwa nchi baada ya nchi, karibu wiki nzima. Safari kama laki moja zilifutwa. Majirani zetu wa Naivasha, Kenya, waliyaona maua yao yakinyaukia kwenye maghala, hakuna ndege ya kuyapeleka sokoni.

ELIA: Na kuna watu hadi leo wanasema walizidisha, majivu tu yale.

NDESHI: Hapo nawatetea waliofunga anga, tena kwa nguvu. Majivu ya volkano si kama ya jikoni. Ni chembe za mwamba na kioo. Zikiingia ndani ya injini kwenye ule moto, zinayeyuka, halafu zinaganda kwenye mapanga ya injini na kuziba njia ya hewa. Juni 1982, Boeing 747 ya British Airways ilipita kwenye majivu ya mlima Galunggung, kisiwa cha Java, injini zote nne zikazima. Desemba 1989, 747 ya KLM ikapata hivyo hivyo Alaska, majivu ya mlima Redoubt. Zote mbili injini ziliwaka tena zikiwa zimeshashuka, na watu wote wakatua salama. Kwa hiyo rubani akisema hapiti humo, mimi nampigia makofi. Ninachodai ni kwamba aliyebaki chini alishwe.

ELIA: Basi mwaka ule kuna abiria wa Ireland alikwama Faro, Ureno.

NDESHI: Alikuwa arudi Dublin na Ryanair tarehe 17 Aprili. Hakuondoka hadi tarehe 24. Wiki nzima, hoteli mwenyewe, chakula mwenyewe, usafiri mwenyewe. Akadai kama euro 1,130. Shirika likajitetea kwamba jambo lile lilikuwa kubwa kupita hata yale ambayo sheria inayaita ya dharura, kwa hiyo halihusiki. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na tarehe 31 Januari 2013 hukumu ikatoka. Mahakama ikasema hakuna daraja la juu zaidi ya dharura ambalo linalitoa shirika kwenye wajibu wote. Huduma inaendelea hadi abiria asafirishwe, haina kikomo cha siku wala cha hela.

ELIA: Haina kikomo kabisa?

NDESHI: Isipokuwa kimoja, na ni cha haki. Kama ulijilipia, unarudishiwa kile kilichokuwa cha lazima na cha kiasi. Huwezi kukaa hoteli ya kifahari na kuagiza mvinyo halafu ukaleta risiti. Lakini chumba safi, chakula cha kawaida, teksi, hivyo unavidai. Mimi hukumu hii naipenda kwa sababu imetazama wakati ambao mtu ni mnyonge kuliko wakati wowote. Siku ambayo ndege moja imeharibika, utahangaika, utapata nyingine. Siku ambayo anga yote imefungwa, hoteli zimejaa, bei zimepanda, huna ndugu mji ule, ndiyo siku unayohitaji kushikwa mkono. Mahakama imesema sheria haiwezi kukuacha siku hiyo hiyo.

ELIA: Tusifikiri ni mambo ya Iceland tu. Sisi tunaishi kwenye Bonde la Ufa.

NDESHI: Ol Doinyo Lengai hapo kwa Wamaasai, Septemba 2007 ulilipuka na kurusha majivu. Juni 2011 mlima Nabro wa Eritrea ulilipuka, na Hillary Clinton, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati ule, aliyekuwa ametokea Dar es Salaam, ilibidi akatishe ziara yake Addis Ababa aondoke mapema kwa kuogopa wingu la majivu. Na Novemba 2025 Hayli Gubbi, kule Afar, Ethiopia, majivu yalivuka hadi Yemen na Oman yakafika India, na mashirika ya kule yakafuta safari.

ELIA: Sasa nipeleke kaunta. Wametangaza safari imefutwa, watu wanapiga kelele. Mimi nafanya nini?

NDESHI: Kwanza usikubali haraka kurudishiwa nauli. Hapa ndipo watu wanapoumia. Sheria ile inakupa kuchagua: urudishiwe nauli ndani ya siku 7, au usafirishwe kwa njia nyingine mapema iwezekanavyo, au usafiri siku nyingine inayokufaa kama viti vipo. Ukichagua kusafirishwa mapema, unaendelea kuhudumiwa wakati wote unaposubiri. Ukichagua nauli, mkataba umeisha, na hoteli imeisha. Kwa hiyo mtu yuko Amsterdam, kwake ni Machame, anaambiwa "saini hapa urudishiwe hela yako", anafurahi, anasaini. Usiku ule ule analala kwenye viti vya uwanja, na kesho tiketi mpya ni mara tatu ya hela aliyorudishiwa.

ELIA: Duh! Na wakikupa vocha?

NDESHI: Vocha ni kwa ridhaa yako, kwa saini yako. Kama unataka hela, sema hela.

ELIA: Na kama kaunta imefungwa? Maana siku ya balaa hata hao wafanyakazi wanapotea.

NDESHI: Basi jihudumie, na tunza kila kipande cha karatasi. Ukiwa hapa nyumbani dai risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi. Ujumbe wa malipo ya simu usiufute. Piga picha ubao wa safari unaoonyesha neno la kufutwa, pamoja na saa. Bodingi pasi usitupe. Na omba sababu ya kufutwa kwa maandishi. Mtu akisema "hali ya hewa" kwa mdomo, mwombe aiandike.

ELIA: Kwa nini unang'ang'ania maandishi?

NDESHI: Kwa sababu "hali ya hewa" imekuwa blanketi la kufunika kila kitu. Mahakama ile ile, Desemba 2008, kwenye kesi ya Alitalia, ilisema ubovu wa mitambo wa kawaida si dharura. Kwa ubovu, fidia ipo: euro 250, 400 au 600 kutegemea umbali, na KIA hadi Amsterdam ni ile ya 600. Sasa kama mashirika mengine yote yameruka asubuhi ile na lako peke yake ndilo "limezuiwa na mvua", uliza swali la pili. Nimeliona hilo kwa mteja wangu mwenyewe, shirika silitaji. Barua ya kwanza ilisema dhoruba. Tulipowaeleza ndege ngapi zilitua na kuruka saa ile, barua ya pili ikasema hitilafu ya injini. Akalipwa.

ELIA: Tuje nyumbani. Ndege ndogo za Kisongo kwenda Serengeti, au mtu wa Moshi anayeruka KIA kwenda Dar.

NDESHI: Huku usidai 261, haikuhusu. Huku unasoma masharti ya tiketi yako, unalalamika kwanza kwa shirika kwa maandishi, wasipokuridhisha unapeleka TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, kazi yake ni kutetea abiria. Na kwa safari za kimataifa, Tanzania imo kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999. Huo unagusa hasara iliyoletwa na kuchelewa, lakini shirika likithibitisha limefanya kila linalowezekana, linatoka. Kesi chini ya mkataba huo inafunguliwa ndani ya miaka 2.

ELIA: Kuna msikilizaji wa Usa River anauliza: mvua ikikata barabara nikashindwa kufika KIA, shirika linanidai au nalidai?

NDESHI: Hapo pole sana, kwa sababu ndege iliondoka, ni wewe hukufika. Lakini piga simu kabla ndege haijaruka. Ukikaa kimya watakuandika hukutokea, na mara nyingi wanafuta hata tiketi ya kurudi. Kwa jambo hilo hilo, hii tabia ya kununua KIA hadi Dar kwa shirika moja, halafu Dar hadi Ulaya kwa tiketi nyingine ili kuokoa hela kidogo, mimi huwa nawakatalia wateja. Ukungu ukichelewesha ya kwanza, ya pili haina habari nawe. Iwe bukingi moja, yaani tiketi moja ya safari yote, ndipo aliyekuuzia awe na wajibu wa kukufikisha.

ELIA: Kuna mwingine, huyu yuko Bremen, mama yake anarudi mwezi ujao na hajui Kijerumani wala Kiingereza. Anauliza amwandikie nini kwenye karatasi, akionyesha tu kaunta waelewe.

NDESHI: Swali zuri sana hilo. Upande wa mbele andika jina lake, namba ya bukingi na simu yako. Chini yake andika kwa Kijerumani: "Naomba kusafirishwa mapema iwezekanavyo. Naomba chakula na hoteli kwa mujibu wa ibara ya 9 ya Kanuni 261/2004. Sitasaini kurudishiwa nauli kabla ya kuongea na mwanangu." Upande wa nyuma mwandikie yeye kwa Kiswahili maneno yale yale, ajue amebeba nini. Na tuandikie, huyo wa Bremen. Ukitutumia Kijerumani chake kilichonyooka, wiki ijayo tutakisoma hapa, wengine wanakili.