Bei ya Land Rover 109 iliyotunzwa: tupange, tuuze

Haya wadau, leo hatufungui injini, leo tunauza. Hili hapa nyuma yangu ni Land Rover 109, ile ndefu, Series III, petroli, injini ya cc 2,286. Wengi mnaniuliza, "Kaka, bei unaipangaje?" Njooni tuipange.

Kuosha sina haja ya kuwafundisha. Osha, fagia, toa magunia ya mahindi, basi. Ila usipulize rangi mpya! Mnunuzi wa gari la zamani akisikia rangi inanukia, anajiuliza umeziba nini. Hii ya kwetu imepauka hapa mlangoni, nimeiacha ipauke. Bodi sehemu kubwa ni aluminiamu, kutu ya chuma haiijui. Kinachooza ni chasisi, na bei iko huko chini.

Shusha kamera. Chini zaidi. Gonga na mpini wa bisibisi, hivi: ti, ti, ti. Hicho ni chuma kizima. Ukisikia "pu", kimeliwa. Anzia boriti ya nyuma, matope yanajaa humo miaka na miaka, halafu... ngoja, hilo ni tone la oili? Mmeliona. Usikate, waone. Linatoka kwenye sili ya gurudumu la mbele. Mafundi wa Land Rover tuna utani wetu: isipovuja, ujue oili imeisha. Lakini mnunuzi mwambie wewe, kabla hajainama. Akiligundua mwenyewe, atakata bei ya sili mara tano. Na sili ninazo dukani, mnajua.

Sasa namba ya chasisi. Hapa naomba utulivu. Iko mbele kulia, kwenye chuma kinachoshika springi, imegongwa kwa nyundo kiwandani na juu yake kuna rangi, matope, kutu. Usilete grainda. Narudia, usilete grainda! Wala msasa. Tarakimu hazina kina, ukizikwangua zinakwenda, na gari lenye namba iliyofutika, mbele ya askari, ni gari la wizi hata kama ulirithi kwa babu yako. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu, nenda kanywe chai. Rudi na brashi ya waya, ya mkono, taratibu, kufuata urefu wa namba. Futa na kitambaa kikavu. Kisha chukua chaki, ilaze ubavu, pitisha juu kama unapaka. Vumbi jeupe linaingia kwenye... mwanga! Sogeza mwanga. Hapo. Inasomeka? Piga picha. Linganisha na kadi ya gari, herufi kwa herufi. Zikipishana hata moja, simama, usitangaze, nenda TRA, Mamlaka ya Mapato, kwanza. Na wewe uliyeshika grainda huko nyuma ya simu, iweke chini.

Tunakuja kwenye bei. Pesa uliyotumia kulitengeneza isahau, mnunuzi hailipi. Analipa uhalisia: injini yake yenyewe, gia zake, hizi lever mbili za four-wheel na gia nzito, moja kichwa cha njano, nyingine chekundu, bado zinaitika. Mwenye 109 aliyeweka injini ya Toyota ana gari zuri la shamba, simcheki, ila asipange bei yangu. Ulizia waliouza, siyo wanaotangaza. Bei ya tangazo ni ndoto ya mwenye gari. Pata bei tatu nne za kweli, ongeza kidogo kwa chasisi safi na makaratasi, toa gharama ya yale ambayo mnunuzi atakulaumu nayo. Kisha weka bei ya mwisho moyoni, mkeo tu aijue.

Dalali? Mimi namtumia, ila makubaliano kabla hajamleta mtu: asilimia, au cha juu, yaani kinachozidi bei yako ni chake. Ukimwachia cha juu bila mpaka, gari lako litapanda bei mpaka wanunuzi wakukimbie, na wewe huna habari.

Siku ya mteja, usiwashe gari asubuhi. Mwache aguse injini ikiwa baridi, awashe mwenyewe, avute choki. Mjuzi anayekuta injini ya moto anaanza kupunguza hata kabla ya salamu.

Na pesa: meseji ya simu siyo pesa. Nendeni benki pamoja, ionekane kwenye akaunti yako, ndipo kadi halisi itoke mkononi. Mkataba wa mauziano uwe na namba ile ya chasisi, msaini mbele ya wakili. Angalieni deni la faini za barabarani kwa namba ya gari, mlimalize hapo hapo. Halafu usilale mpaka kadi imebadilishwa jina, maana kamera za barabarani hazijui kwamba umeuza. Kuna watu wanadaiwa faini za gari waliloagana nalo zamani, na mnunuzi simu hapokei.