Ufahamu: Jibu Liko Ziwani au Kifunguni?

ACHIENG': Karibuni tena, wasikilizaji, kutoka hapa Kisumu. Barasa leo ameingia na karatasi mkononi, na uso wa kesi.

BARASA: Kesi ipo, Mwalimu. Hii ni karatasi ya pili ya Kiswahili, mtihani wa mwigo uliofanywa na shule kadhaa za huku kwetu. Mpwa wangu yuko Kidato cha Nne. Ufahamu una alama kumi na tano, yeye katoka na tisa. Tangu warudishiwe karatasi hawalali, yeye na wenzake, wanabishana kwenye simu usiku kucha.

ACHIENG': Wacha wabishane. Hapo ndipo wanasoma kifungu kwa mara ya kwanza.

BARASA: (anacheka) Ngoja nisome kipande chenyewe. "Alfajiri hiyo Mzee Odera alifika mwaloni Dunga akiwa na wavu begani. Maji hayakuonekana. Gugumaji lilikuwa limetanda hadi upeo wa macho, na mashua zilikuwa zimekwama humo. Akautua wavu, akacheka. 'Serikali imetuletea shamba,' akasema. 'Kilichobaki ni kugawana ekari.'"

ACHIENG': Aliyetunga hicho anajua kuandika, lazima tukubali.

BARASA: Sasa swali la kwanza. "Kwa nini Mzee Odera hakwenda kuvua siku hiyo? Alama mbili." Kijana kaandika: "Kwa sababu gugumaji huzuia hewa kuingia majini, samaki hufa au huhama." Kapewa yai. Mwalimu, huo si uongo! Hilo gugu lilitoka Amerika Kusini, likaingia ziwa hili la Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kila mtoto wa Dunga anajua linavyowafanya samaki. Sasa mtoto anaadhibiwa kwa kulijua ziwa lake?

ACHIENG': Haadhibiwi kwa kulijua. Ananyimwa alama kwa kujibu swali ambalo hakuulizwa. Shemeji, mtoto wa Garissa ambaye hajawahi kuliona ziwa, akisoma mistari hiyo anapata mbili safi: gugumaji limetanda, mashua zimekwama. Kifungu kimetaja samaki?

BARASA: Hakijataja. Lakini gugumaji kalitaja. Si angalau apate moja?

ACHIENG': Hapo ungenishawishi, kama si namna alivyoandika. Tazama vitenzi vyake. "Huzuia." "Hufa." "Huhama." Hayo ni mambo ya kila siku, somo la Sayansi. Swali linasema "siku hiyo". Angeandika tu "gugumaji lilikuwa limetanda", ningempa moja bila kusita. Yeye kaondoka mwaloni, kaenda maabara.

BARASA: Nyinyi watahini mna roho ngumu.

ACHIENG': Na bado hujaniuliza kuhusu nusu alama zinazokatwa kwa makosa ya hijai na sarufi. Kaandika "mashuwa" wapi hapo, niliona?

BARASA: Liache hilo! Twende swali la pili, "Eleza hisia za Mzee Odera." Hapa ndipo vita vilichacha. Kundi moja linasema alifurahi, kwa sababu alicheka.

ACHIENG': Hao wasome tena. Mtu kaja kutafuta riziki, kakuta njia imezibwa, kacheka. Kicheko hicho hakina furaha.

BARASA: Tuko pamoja. Kundi la pili linasema amekata tamaa. Mwongozo wa kusahihisha wenyewe unasema, nanukuu, "kejeli".

ACHIENG': Basi? Umeandikwa hivyo hivyo?

BARASA: "Kejeli", na hakuna kingine. Waliosema amekata tamaa wote wamekosa.

ACHIENG': Nipe hiyo karatasi. (kimya kidogo) Hapana. Hapa mwongozo umeteleza. Kejeli ni namna alivyosema, ndiyo toni yake. Swali limeuliza hisia. Ndani ya mtu anayesema vile mna uchungu, mna kukata tamaa. Ameutua wavu chini, hebu! Ungeulizwa "eleza toni", kejeli ingekuwa sawa kabisa.

BARASA: Kwa hiyo mwongozo nao hukosea.

ACHIENG': Ndiyo maana kwenye mtihani wa kitaifa wasahihishaji hukutana kwanza, wanapitia mwongozo pamoja kabla ya kugusa rundo, wanaongeza majibu mengine yanayokubalika. Mtihani wa mwigo mara nyingi haupati nafasi hiyo. Mwalimu anapewa mwongozo, ana karatasi mia na kitu mezani, anakimbia nazo.

BARASA: Afadhali enzi ya KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, kabla haujafungwa 2023. Ufahamu swali la 31 hadi la 50, unachora kistari kwenye A, B, C au D, mashine inasoma. Hakuna ubishi.

ACHIENG': Hakuna ubishi? Omera, nilifundisha darasa la nane! Watoto walikuwa wanatoka chumbani wakilia juu ya B na C, zote mbili kweli, moja tu ndiyo "bora". Na huko hapakuwa hata na nafasi ya kujieleza.

BARASA: Haya, la mwisho. "Yape makala haya anwani mwafaka, alama moja." Mwongozo: "Athari za gugumaji." Binti mmoja kaandika "Shamba la Mzee Odera". Kakosa, na mimi nasema ni haki yake kukosa. Mtu akiona anwani hiyo atadhani ni mahindi.

ACHIENG': Eh! Wewe uliyekuja kutetea watoto?

BARASA: Sheria ni sheria. Umesema jibu litoke kifunguni.

ACHIENG': Na limetoka kifunguni! "Serikali imetuletea shamba." Kachukua kinaya cha mzee akakiweka juu ya ukurasa. Huyo ndiye aliyeelewa kuliko wote, kuliko hata mwenye mwongozo.

BARASA: Sikubali. Anwani ibebe habari yote.

ACHIENG': Usikubali. Mpwa wako mwambie swali la kwanza aliache, hana kesi. La pili, wale waliosema amekata tamaa waende kwa mwalimu wao kwa adabu, wamwonyeshe ule wavu ulioshushwa. Alama zao zinarudi.

BARASA: Na binti wa shamba?

ACHIENG': Huyo nitumie nakala ya karatasi yake. Nataka kuona jinsi alivyojibu la hisia.