Mafuta Hayapenyi Washa: Kufungua Plagi Iliyoganda

Mafundi wenzangu, najua wengine mmefunga gereji mapema ili mfike hapa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye plagi, ile inayorusha cheche ndani ya injini. Nusu yenu mmeshanisikia nikilisema hili, na bado mnamwaga mafuta ya kulegeza kutu juu ya plagi iliyobana, mnakwenda kula chipsi mayai, mnarudi mkidhani kazi imefanyika. Mafuta yale yako wapi? Yamekaa kwenye shimo la plagi yanawasubiri.

Chini ya mabega ya plagi ipo washa, yaani pete ya chuma ya kuziba, na meno yote yako chini ya washa hiyo. Kazi yake ni kuzuia presha ya silinda isitoke. Mgandamizo peke yake, kabla hata cheche haijaruka, kwenye injini ya petroli iliyo nzima, isiyo na ubovu, unapita baa 10. Kitu kinachozuia presha hiyo kutoka ndani kitaruhusuje tone la mafuta lishuke kwa uzito wake tu?

Atatokea wa kusema, "Mbona mimi humwaga jioni, asubuhi inafunguka?" Ndugu yangu, hiyo haikuwa imeganda. Ilikuwa imekazwa sana, ingefunguka hata bila mafuta, sifa likapata kopo la mafuta.

Kwanza achia washa, ndipo umwage mafuta. Injini ipoe. Puliza shimo kwa kompresa, maana magari yetu yanaoshwa injini kila Jumamosi, na maji na mchanga hubaki humo. Mchanga huo ukiangukia kwenye silinda umejitafutia kazi nyingine. Chukua boksi spana ndefu ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili iacheni. Toyota nyingi za miaka ya tisini zinataka 16 mm, za zamani zaidi 21. Tumia mpini mrefu, mkono wa kushoto ukishika kichwa cha ekstensheni, ile fimbo ya kurefushia spana, kisiiname. Kikiinama, kauri, ile sehemu nyeupe ya plagi, inavunjika. Vuta taratibu mpaka ifunguke moja ya nane ya mzunguko.

Hapo simama. Najua mteja amekaa kwenye benchi, anaangalia saa, anataka kuwahi kabla ya foleni. Simama hivyo hivyo. Sasa mwaga mafuta, subiri nusu saa, kisha IRUDISHE ndani kidogo. Ndiyo, ikaze tena. Toa robo, rudisha. Toa nusu, rudisha.

Kwa nini? Kwa sababu adui wa pili yuko chini kabisa. Mtu akifunga plagi yenye meno marefu kuliko shimo, meno ya mwisho yanachomoza kwenye chumba cha moto na kushika masizi magumu. Plagi inatoka vizuri mzunguko mmoja, miwili, unafurahi, halafu inakaza ghafla. Masizi yale yameingia kwenye meno ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda plagi inakofungwa, na hedi ni alminiamu. Ukiongeza bomba kwenye mpini, plagi itatoka, ila itatoka imevaa meno ya hedi kama shanga. Ukirudisha nyuma, masizi yanasagika na mafuta yanashuka. Ikianza kulia kwii, meno ni makavu: acha, rudisha, ongeza mafuta.

Ikikataa hata ile moja ya nane, washa injini dakika moja au mbili, hedi iwe vuguvugu, mkono uvumilie. Alminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo shimo linalegea kidogo. Nimesema vuguvugu. Aliyetoka na gari Mbagala sasa hivi, injini bado ya moto, asubiri. Na hilo hilo linaeleza kwa nini plagi nyingi huganda: zilifungwa hedi ikiwa ya moto, ikapoa, ikazibana. Land Rover za zamani zenye hedi ya chuma hazipati faida hii, lakini nazo meno yake ni mavumilivu zaidi.

Naona naonyeshwa saa. Haya, haraka. Kauri ikivunjika, toa vipande vyote kabla ya kugusa ganda la chuma. Plagi ikishatoka, funika shimo kwa kitambaa, kata petroli na umeme wa cheche, piga stata kidogo ili mafuta yatoke. Plagi mpya ianzishe kwa kipande cha mpira wa petroli kilichovalishwa kichwani mwake: ikiingia upande, mpira utateleza wenyewe. Ikishagota kwa mkono, plagi mpya ya 14 mm yenye washa inaongezwa nusu mzunguko mpaka theluthi mbili, basi. Wenye spana ya kupimia nguvu ya kukaza, 25 hadi 30 Nm (nyutoni-mita) kwa hedi ya alminiamu. Grisi ya kuzuia kuganda kwenye plagi zenye mng'ao wa nikeli haihitajiki. Ukiipaka, punguza nguvu, maana meno yakiteleza utakaza kupita kiasi bila kujua.

Helikoili, ile koili ya kurudishia meno yaliyoharibika, tutaiweka siku yake. Kwa leo, anayetumia tapu, kile chuma cha kukatia meno, aipake grisi nzito ili vumbi la alminiamu ling'ang'anie huko. Sasa sogeeni mezani, kuna hedi ya Corolla hapa yenye plagi mbili zilizoganda, na sitaki kuona bomba mkononi mwa mtu.