Anayeshika Ncha ya Pili ya Kamba

Mhadhara uliotolewa Goma mbele ya wanafunzi, wazazi na majirani

Wazee wetu, mama zetu, dada na kaka, jambo yenu nyote. Asanteni kwa kuja. Najua wengine mmefunga kibanda mapema, na wengine mmeacha bidoni kwenye foleni ya maji mkimwomba jirani azitazame.

Nimeombwa niseme juu ya shujaa: ni nani katika hadithi za wazee, na ni nani katika maisha haya tunayoishi. Nitaanzia jirani, upande wa Walikale, kwa Wanyanga. Huko kuna shujaa ambaye watoto wetu wengi hapa mjini hawajamsikia, na hilo linaniuma. Mashujaa wa sinema wanawajua mmoja mmoja, kwa jina na kwa rangi ya nguo. Mwindo hawamjui.

Baba yake aliitwa Shemwindo, mtemi wa Tubondo. Alikuwa na wake saba. Siku moja akawakusanya akawaamuru: zaeni mabinti tu, na atakayezaa mwana wa kiume, mtoto huyo nitamuua. Alikuwa anapiga hesabu ya mahari. Binti huleta mali nyumbani, mwana wa kiume huitoa. Wake sita wakazaa mabinti. Wa saba, yule aliyependwa kuliko wote, akamzaa Mwindo, naye akatoka tumboni anasema na kutembea, usinga wa mkia wa nyati mkononi. Ndiyo maana jina lake la sifa ni Kabutwa-kenda, yaani kadogo kalikozaliwa kakatembea. Baba akamrushia mikuki, haikumpata. Akamzika, usiku mtoto akatoka kaburini. Akamfungia ndani ya ngoma na kuitosa mtoni. Ngoma ikaelea, na mle ndani mtoto akawa anaimba kwamba anakwenda kwa shangazi yake, Iyangura.

Mengine nayapitia haraka, ingawa ni matamu. Shangazi akampokea, wajomba wahunzi wakamvika chuma, Nkuba mwenye radi akawa upande wake, na Tubondo ikateketea. Shemwindo akang'oa mmea, akaingia kwenye shimo lake, akakimbilia kuzimu kwa Muisa. Mwindo akaamua kumfuata hukohuko.

Hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri. Kabla ya kushuka, Mwindo anamwita shangazi yake na kumpa ncha ya kamba. Anamwambia abaki palepale kijijini, aishike. Yeye anashuka na ncha nyingine. Siku shangazi atakapoona kamba imetulia, haichezi tena, basi ajue moto umezimika, kijana wake amekufa.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikifika hapo napita mbio. Nilitaka kufika kwa Muisa, kwenye mapigano, niuone ule usinga wa mkia wa nyati ukimwinua shujaa aliyeangushwa. Siku moja nilikuwa nikiwasimulia watoto wa ndugu yangu, na mmoja, msichana wa miaka tisa, akanikatiza: "Na yule shangazi alilala saa ngapi?" Sikuwa na jibu, na bado sina. Lakini tangu siku ile simulizi nzima ilinibadilikia. Kila Mwindo anapopigwa huko chini, nafikiria mkono ulioko huku juu. Nafikiria kidole kinachosikiliza kamba usiku, chakula kinachopoa, wanakijiji wanaomwambia mama huyo apumzike kidogo, naye anatikisa kichwa.

Tena angalieni: kamba ile haimvuti Mwindo kutoka kuzimu, wala haimpi nguvu. Kazi yake ni moja tu, kupeleka habari kwamba bado yuko hai. Na habari hiyo haina maana kama upande wa pili hakuna mtu.

Mwindo akamkamata baba yake, akamrudisha Tubondo. Hakumuua. Baba akasimama mbele ya watu akakiri ubaya wake, na mwana akakubali watawale pamoja. Vikashuka viti vitatu vya shaba. Shemwindo akaketi upande mmoja, Mwindo upande wa pili, na katikati yao Iyangura. Wazee waliotunga simulizi hii walijua walichokuwa wakifanya. Aliyeshika kamba walimweka katikati.

Iko sehemu nyingine ambayo nataka vijana wa kiume waondoke nayo hapa leo. Baada ya ushindi wote huo, Mwindo anamuua Kirimu, joka la msituni la vichwa saba lililowameza watu wake. Mngetegemea ashangiliwe. Nkuba, rafiki yake yuleyule, anashuka na kumchukua juu, kwa sababu Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba pia. Mwaka mzima Mwindo anakaa angani. Baridi inamla, mvua inampiga, jua linamuunguza, na kila mmoja anamkaripia kwa majivuno yake. Huyu ndiye aliyekuwa akijigamba tangu siku ya kuzaliwa! Anaporudi duniani anakatazwa kuua wanyama. Ndipo anapowapa watu wake sheria: limeni vyakula vya kila namna, msigombane, msimcheke mlemavu anayepita kijijini. Mtemi aogopwe, naye pia awaogope watu wake. Basi Wanyanga hawamwiti mtu shujaa kamili siku ya kuua. Wanamngoja ajifunze kuacha kuua. Sisi wa Kivu, ambao tumeona vijana wangapi wakiimbiwa nyimbo kwa sababu tu wana bunduki, tulikuwa na fundisho hilo nyumbani kwetu wakati wote.

Simulizi yenyewe imetufikiaje? Mwaka 1956 mzee mmoja Mnyanga, Candi Rureke, aliiimba na kuisimulia kwa muda wa siku kumi na mbili mbele ya mtafiti Mbelgiji, Daniel Biebuyck. Ilichapishwa mwaka 1969, na Mnyanga mwenzake, Kahombo Mateene, alishiriki kazi hiyo. Lakini Rureke hakuwa peke yake. Kando yake walikaa vijana wakigonga kijiti na kuitikia. Bila mgongo wao mwimbaji angechoka siku ya kwanza.

Sasa twende pwani, tusikilize Waswahili wa Pate. Shujaa wao ni Fumo Liyongo, mtu wa kimo cha ajabu, mwenye upinde, mtunzi wa mashairi. Mfalme akamwogopa, akamfunga gerezani. Aliokokaje? Kijakazi mmoja, Saada, alikuwa akimletea chakula kutoka kwa mama yake. Kila mkate mzuri alioupika mama, walinzi waliula. Basi Liyongo akamwimbia Saada maneno ya mafumbo ampelekee mama: aoke mkate wa wishwa, yaani pumba, na katikati yake aweke tupa, kile chombo cha kukereza chuma. Mkate ukaja, walinzi wakauona ni chakula cha watumwa, wakamtupia mfungwa. Usiku ikapigwa ngoma ya gungu, na wakati watu wanapiga kelele na kucheza, Liyongo anakata minyororo.

Mtazameni Saada njiani. Amebeba kifo chake mwenyewe ndani ya kikapu. Mlinzi mmoja akiwa na njaa zaidi ya kawaida, akaumega ule mkate, binti huyo amekwisha. Yeye hana upinde, na hakuna mfalme anayemwogopa. Liyongo ana mashairi ya kumsifu hadi leo. Saada ana mistari michache tu, nayo ni ya kutumwa.

Na Liyongo alipokufa, mnajua. Mwanawe wa kumzaa alihongwa, akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba usingizini. Liyongo akaamka, akashika upinde, akatoka hadi kisimani, akapiga goti na kutega mshale, akafa vilevile. Watu siku nyingi wakaogopa kwenda kuteka maji. Nani alitumwa akamsihi? Mama yake. Wanaume wote wa mji wamejificha, na mama mmoja anamwendea mwanawe na kumwimbia, hajui kwamba anamwimbia maiti.

Wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Watu huitumia methali hii kuonya kijana asijitie katika hatari. Mimi nasikia ndani yake swali jingine. Kilio kinapokwenda kwa shujaa, shujaa mwenyewe hayupo tena kukipokea. Anayefungua mlango ni mtu mwingine.

Sasa turudi hapa kwetu. Goma tulipotaka sanamu, hatukusimamisha jenerali. Tulimweka kijana na chukudu yake, kile kigari cha mbao cha kubebea mizigo, rangi ya dhahabu, kwenye mzunguko wa barabara. Mimi naipenda sana sanamu ile. Chukudu ni mbao, mtu anaichonga kwa panga na shoka, na gurudumu la mbao linavikwa mpira wa gari kuukuu. Juu yake vinakaa viazi, makala, yaani makaa ya kupikia, kabichi za Kibumba. Kwenye mteremko inaruka kama pikipiki. Lakini nendeni mwone inapopanda. Mwenye chukudu ameinama mbele, na nyuma wapo watoto wawili watatu wanasukuma, paji la uso limegusa gunia, miguu inateleza kwenye changarawe nyeusi ya volkano. Wakifika juu wanapewa faranga kidogo, wanateremka kungoja nyingine. Hao kwenye sanamu hawapo.

Mji huu umemtoa pia kijana ambaye Kanisa Katoliki limemtangaza mwenye heri, huko Roma, tarehe 15 Juni 2025: Floribert Bwana Chui. Alizaliwa hapa mwaka 1981. Alikuwa mtumishi wa ofisi ya udhibiti wa bidhaa mpakani, na baada ya kazi alikuwa pamoja na wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio, wakiwahudumia watoto wa barabarani. Mwaka 2007 watu fulani walimletea fedha apitishe chakula kilichooza kiuzwe kwa watu. Akakataa. Mwezi Julai wakamteka, wakamuua. Alikuwa na miaka 26.

Nataka tukae na jambo hili kidogo. Hakuwa na joka mbele yake. Alikuwa na meza, karatasi na muhuri. Kila mmoja wetu aliyewahi kusimama mpakani anaijua meza ile, na anajua jinsi neno "hapana" linavyokuwa zito pale, wakati hata ndugu zako nyumbani wangekuelewa kama ungesema ndiyo. Na wale aliowakinga, ni akina nani? Hatujui! Wenyewe pia hawajui. Mama fulani wa mtaa wa Birere alipika jioni ile, watoto wakala, wakalala salama, na hakuna aliyeota kwamba kuna mtu amelipa. Mwindo alijua anamwokoa nani. Floribert aliwafia watu ambao hawatamwambia asante, maana hawana habari. Katika hadithi zote nilizosoma sijaona ushujaa mgumu kuliko huo.

Ng'ambo ya ziwa, Bukavu, wote mnamjua daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, anayewatibu wanawake waliobakwa vitani, aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018. Kumsifu si vigumu, na anastahili. Mimi nawakumbusha Oktoba 2012, watu wenye silaha walipoingia nyumbani kwake. Mlinzi wake aliingia kati, akauawa. Daktari akaondoka nchini na jamaa yake. Ndipo wanawake, wengi wao wasio na kitu, wakaanza kuuza mananasi na vitunguu kuchangia tiketi ya kumrudisha. Januari 2013 akarudi. Kwa bei ya nanasi, hesabuni wenyewe ni mafungu mangapi kufika bei ya ndege. Lakini yeye huko ugenini alijua kuna mikono imeshika kamba huku.

Nitamaliza na niliyoyaona kwa macho yangu. Volkano yetu, Mlima Nyiragongo, ilipofunguka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye tukaambiwa tuhame, barabara ya Sake ilijaa watu hata magari yakasimama. Nyote mlikuwa humo, sina haja ya kueleza. Watoto wengi walipotezana na wazazi siku zile. Mbele yangu alikuwa mama mmoja, godoro kichwani, mtoto mgongoni. Alikuwa amepasua kitenge chake, cha manjano chenye ndege wa buluu, akatengeneza utepe mrefu, akawafunga watoto watano kwenye mkono wa kushoto, mmoja nyuma ya mwingine. Ncha alikuwa ameizungusha kwenye kiganja chake. Hakuwa anageuka nyuma, godoro lilimzuia. Ila kila baada ya hatua kadhaa aliuvuta ule utepe kidogo, na nyuma yake mkono mmoja mmoja ukajibu, hadi wa mwisho.

Tulifika Sake giza limeingia. Akatua godoro kwenye baraza la kanisa, akaanza kuwafungua. Wanne wakafunguliwa. Yule mdogo, wa miaka minne hivi, akakataa kabisa, akaficha mkono kifuani. Mama akamwacha. Akalala naye hivyo, ncha ya kitenge bado kiganjani, na kidole gumba chake nilikiona kinacheza juu ya kitambaa hata baada ya macho kufumba.

Basi, nadhani lile swali la mtoto wa ndugu yangu nililijua jibu lake kidogo usiku ule.

Tuna muda wa maswali. Mama pale nyuma, mwenye kilemba cheupe, ameinua mkono tangu nilipomtaja Iyangura. Tafadhalini, mpeni kipaza sauti yeye kwanza.