Kolone ya volani: ishike vizuri, na ikubali kukunjika

Karibuni wandugu, naona wasuderi wa Birere, hapa Goma, wamefika, na wale vijana wa Himbi wenye wako wanaunga motokari yao mu parseli, aksanti sana. Leo sitaongea juu ya moteri. Moteri kila mtu anaipenda, na ikikufa unasimama kando ya barabara unapiga simu, basi. Leo ni kolone ya volani, ile tiyo na fimbo zake zenye zinatoka ku volani (usukani) zinashuka kuelekea magurudumu, juu hiyo ikikuacha uko mu mwendo hauna mtu wa kupigia.

Hii yenye iko ku meza niliitoa ku Toyota ya zamani ya volani ya kuume, njo zile zinatufikia nyingi toka Japani. Sisi tunapitaka kuume ya barabara, kwa hiyo mtu akianza kuunga motokari yake anataka volani ihamie kushoto, na pale njo kolone inaanza kukatwa. Sogeeni muone. Ndani ya tiyo kuna fimbo mbili, moja inaingia mu ingine. Munaona hivi vitundu, na hiki kitu cheupe ndani yake? Ni plastiki. Kuna wenye wanafikiri ni kazi ya fundi mvivu, wanaichomoa wanaweka sudere. Hapana! Imewekwa makusudi. Nguvu ya kuzungusha inabebwa na ubapa wa fimbo zenyewe, plastiki inazizuia tu zisiingiane. Motokari ikigonga ukuta, plastiki inakatika, fimbo zinaingiana, kolone inakuwa fupi. Bila hiyo chuma inakuja moja kwa moja ku kifua ya dereva kama mkuki.

Na zamani ilikuwa mkuki kweli. General Motors ilianza kuweka kolone za kukunjika ku motokari zake za 1967, na tangu tarehe 1 Januari 1968 sheria ya Marekani inasema motokari ndogo ikigonga kizuizi na mwendo wa 48 km/h, kolone isirudi kwa dereva kupita 127 mm, haifike hata urefu wa biki. Njo maana siku unatoa volani na imekwama usipige nyundo ku ncha ya fimbo, pigo mbili tatu plastiki imekatika na hauoni kitu. Na hii sipoti yenye inafungwa chini ya tablo, angalieni, buloni zinapita mu vipande vidogo vya kuteleza, kazi yao ni kuachia. Ukiisude ku shasi umeua yote.

Sasa kardani, kile kiungo cha uma mbili na msalaba katikati chenye kinaacha fimbo ipinde na iendelee kuzunguka, na hapa njo niliteseka mwenyewe. Motokari yangu ya kwanza kuunga, nilihamisha volani kushoto nikaweka kardani mbili. Mu parseli ilizunguka bila shida. Nafika ronpoe ya Chukudu, volani inakuwa nyepesi, inakuwa nzito, inakuwa nyepesi tena, kama iko inapumua. Nilishusha kremayeri, ile fimbo ya meno yenye inageuza magurudumu, mara mbili, nikatupa rulema (beringi) yenye ilikuwa bado nzuri, wiki mbili zikapita. Halafu mzee mmoja msuderi aliinama tu chini akaniambia: mtoto yangu, hizi uma mbili haziangaliane.

Alikuwa na haki. Kardani moja ikipinda haizungushe sawa sawa. Ikipinda digri 30, wewe unazungusha mwendo uleule lakini ngambo ya pili inaenda mara 0.87, kisha mara 1.15, na inarudia hivyo mara mbili ku kila mzunguko. Kardani ya pili inafuta kosa ya ya kwanza, ila iko na masharti: uma mbili za fimbo ya katikati zilale usawa mmoja, na pembe ya juu ilingane na ya chini. Mimi nilizifunga zimegeukana robo mzunguko, kwa hiyo mahali pa kufutana zikaongezana. Pembe ya kardani ikipita digri 30 ao 35 weka kardani ya tatu, lakini hapo lazima rulema ya kushikilia fimbo ku shasi, bila hiyo inacheza kama kamba. Na musiogope hizo kona, fimbo ya kupindapinda inakunjika siku ya ajali, ile ya kunyooka inachoma.

Ndiyo kijana, uliza… Anauliza, papa, kama fimbo ni fupi tusisude? Tafuta kwanza fimbo ya motokari ingine yenye meno yanalingana, hesabu meno, pima unene, iingie bila nyundo. Mimi sudere ku volani sipendi, nasema wazi. Ukikosa kabisa njia ingine, vika tiyo nzito inje ya maungo, iingie kwa kubana, sude kuzunguka na mu matundu ya pembeni pia, kisha acha ipowe yenyewe, usimwagie maji, chuma inakuwa kama glasi. Na usijifunzie hapo, apewe mwenye mkono umekomaa.

Kitu ingine, weka kidole hapa ku ncha ya fimbo. Unasikia kifereji? Buloni ya kardani inapita humo, hivi hata ikilegea kidogo kardani haichomoke. Weka buloni ya chuma ngumu, yenye imeandikwa 8.8 ku kichwa, na ekru mupya ya nailoni. Mitaa yetu mingi inapita juu ya lava yenye volkano Nyiragongo ilimwaga 2002, inatikisa motokari mupaka mifupa, kwa hiyo kisha siku ya kwanza ya kutembeza unarudi na funguo unakaza tena.

Kabla ya kutoka inua magurudumu ya mbele, mmoja azungushe toka mwisho mupaka mwisho, mwingine alale chini aangalie kama hakuna kinachogusa bomba ya moshi ao moteri, na moteri iwake, juu ikiwaka inahama kidogo. Haya, njooni wawili wawili. Wewe shika volani, na wewe angalia uma, uniambie kama zinaangaliana.