Kipilefti Katika Njia Panda ya Mji Mdogo: Mhadhara kwa Wakazi wa Kandokando ya Ziwa

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama wa sokoni, na ninyi vijana wa bodaboda mlioacha vijiwe vyenu asubuhi hii: mwangaluka.

Mmeniita nizungumzie jambo ambalo limeugawa mji wetu kwa miezi kadhaa sasa, nalo ni kama njia panda zetu, hasa ile ambapo barabara kuu ya lami inakutana na barabara ya kwenda mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, zijengewe kipilefti, yaani duara la kuzungukia magari, au ziachwe zilivyo. Nimefanya kazi ya barabara kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sitaficha niko upande gani. Naunga mkono kipilefti. Hata hivyo, ninachounga mkono ni kipilefti cha aina moja tu, ambacho sicho kile kinachotujia akilini wengi wetu tunapolisikia neno hilo.

Tukisema kipilefti, sisi watu wa huku tunakumbuka kile cha Samaki katikati ya jiji la Mwanza. Aliyefika Dar es Salaam anakumbuka Sanamu ya Askari, iliyosimama pale tangu mwaka 1927, na aliyepita Arusha anakumbuka mnara wa saa. Kwa sababu hiyo mikutano yetu imetumia muda mwingi kubishana juu ya kitakachowekwa katikati: huyu anataka sangara, yule anataka mtumbwi wenye tanga, na mwingine anataka ngoma. Sidharau uzuri wa mji. Ninachosema ni kwamba usalama wa kipilefti hautoki katikati. Unatoka pembeni, katika zile mita chache ambazo dereva anazipita kabla hajaingia kwenye duara.

Jina lenyewe limetusahaulisha jambo hilo. Watu wetu walilichukua agizo la Kiingereza lililokuwa kwenye kibao, “Keep left”, lile la kumtaka dereva akae kushoto, wakaligeuza kuwa jina la mahali. Kukaa kushoto ni nusu ya kanuni. Nusu ya pili, ambayo ndiyo roho ya kitu chote, ni kwamba anayeingia humpisha aliye ndani, yaani anayemjia kutoka kulia. Waingereza wenyewe waliishi na mizunguko kwa miaka mingi bila kanuni hiyo, na matokeo yake magari yaliyokuwa yakiingia yaliwazuia waliokuwa wakitaka kutoka, duara likajifunga. Kanuni ya kumpisha wa kulia waliiweka nchi nzima mnamo Novemba 1966, na mhandisi wao Frank Blackmore akaonyesha kwamba, kanuni hiyo ikifuatwa, hata duara dogo sana linaweza kufanya kazi ambayo zamani ilidhaniwa kuhitaji uwanja mzima. Nawaomba mlikumbuke hilo tutakapofika kwenye suala la ardhi na fidia.

Juma lililopita nilikaa asubuhi mbili pale njia panda, kwenye kivuli cha mwembe, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne. Nilichokitazama zaidi ni macho ya watu. Dereva wa Noah anayetoka mwaloni akiwa na ndoo za dagaa kwenye keria lazima atazame kulia, kushoto, na mbele anakotokea anayetaka kukata kona, halafu atazame watoto wa shule wanaovuka kwa makundi. Naye wa barabara kuu hatazami popote, kwa kuwa anajua njia ni yake. Niliona guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, limebeba magunia ya mkaa likisukumwa na vijana wawili hadi katikati ya lami, likasimama hapo kwa sababu basi la kutoka Musoma lilikuwa linakuja kwa kasi, na wale vijana wakabaki wameshika magunia huku basi likiwapita karibu kiasi kwamba mashati yao yalipepea. Hakuna aliyepiga kelele. Wamezoea, na kuzoea kwao ndiko kulikonitia hofu.

Wahandisi wana namna ya kuhesabu hatari ya mahali kama pale. Wanahesabu sehemu ambazo njia za magari mawili zinaweza kukutana. Katika njia panda ya kawaida ya barabara nne, sehemu hizo ni 32. Kipilefti cha njia moja, yaani chenye safu moja tu ya magari, kinazipunguza hadi 8. Kwa makutano ya barabara tatu, kama yalivyo mengi katika miji yetu inayolalia ziwa, zinapungua kutoka 9 hadi 6, na tofauti hiyo ndogo isiwadanganye, kwa sababu zinazoondoka ndizo mbaya zaidi: kugongana uso kwa uso, na kugongwa ubavuni na gari linalokuja kwa kasi.

Tena kuna suala la mwendo. Sheria yetu inataka kilomita 50 kwa saa ndani ya mji. Kipilefti kilichochorwa vizuri kinamlazimisha dereva ashuke hadi karibu 30. Nguvu ya mgongano hukua kwa mwendo kuzidishwa kwa mwendo wenyewe: 50 mara 50 ni 2,500, na 30 mara 30 ni 900. Kwa hiyo anayegongwa kwa 30 anapokea kidogo zaidi ya theluthi moja ya pigo la yule wa 50. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuinuka baada ya pigo la 30. Lile la 50 mara nyingi ndilo tunalolifanyia harambee ya jeneza.

Nimesema kilichochorwa vizuri, na hapo lazima niwaeleze kosa nililoshiriki mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilikuwa katika kikosi kilichojenga kipilefti kwenye mji mmoja nisioutaja. Wenye malori walilalamika kwamba njia ya kuingilia inawabana, nasi tukakubali kuipanua na kuinyoosha kidogo, kisha tena kidogo. Duara lilibaki, bustani ikapandwa, watu wakapiga picha. Haukupita muda msichana wa shule akagongwa kwenye kivuko, alfajiri. Alipona, lakini mguu wake wa kushoto haukurudi kuwa kama ulivyokuwa. Nilikwenda pale na kamba kupima alama za matairi. Nikaivuta kamba kutoka upande wa kuingilia hadi upande wa kutokea, na zile alama zikailalia kamba kwa urefu wote bila kupinda hata kwa upana wa kiganja. Tulikuwa tumejenga duara ambalo gari linaweza kulipita moja kwa moja. Tangu siku ile, nikiletewa mchoro wa kipilefti, jambo la kwanza ninalofanya ni kuchukua rula na kutafuta kama kuna mstari ulionyooka unaopenya. Ukiwapo, mchoro huo naurudisha.

Hofu mliyonayo haijaanzia kwenu. Huko Marekani, ambako mizunguko ya kisasa ilianza kujengwa mwaka 1990 katika jimbo la Nevada, miji midogo mingi ilipinga vikali, ikisema madereva watachanganyikiwa na malori hayatapita. Uchunguzi uliofanywa huko katika makutano zaidi ya 20 yaliyogeuzwa kuwa mizunguko ulionyesha ajali zimepungua kwa takriban asilimia 40, na ajali zenye majeruhi kwa takriban robo tatu. Walipowauliza madereva wa maeneo matatu kabla ya ujenzi, waliounga mkono walikuwa asilimia 31. Walipowauliza tena muda mfupi baada ya ujenzi, walikuwa asilimia 63. Mji wa Carmel katika jimbo la Indiana umeendelea hivyo hadi kufikisha mizunguko zaidi ya 140.

Lakini takwimu hizo ni za madereva wa Marekani na barabara zisizo na guta. Siwezi kuzichukua nikazimwaga mezani kwenu kana kwamba zimepimwa Magu au Sengerema. Sisi ni watu wa baiskeli, na hapo utafiti unatuonya: huko Flanders, Ubelgiji, ilionekana kwamba baada ya kujenga mizunguko, ajali zenye majeruhi zinazohusu waendesha baiskeli ziliongezeka badala ya kupungua. Sababu kubwa inayojulikana ni kwamba mwenye baiskeli anakumbatia ukingo wa nje, na gari linalotoka linamkata. Kwa hiyo, kama tunajenga, duara liwe la njia moja tu, jembamba kiasi kwamba gari haliwezi kumpita mwendesha baiskeli ndani yake, na mwenye baiskeli afundishwe kukaa katikati ya njia hadi atoke. Kipilefti cha njia mbili katika mji kama huu nitakipinga hadharani.

Suala la malori halinipi shida. Kisiwa cha kati kinazungushiwa ukanda wa mawe ulioinuliwa kidogo, ambao tairi za nyuma za semi, yale malori marefu ya tela, zinaruhusiwa kupanda wakati wa kukata kona, huku gari dogo likiukwepa kwa sababu unatikisa. Mawe tunayo, na mafundi wa kuyapanga tunao. Barabara za mawe zinazopanda vilima vya Mwanza ni ushahidi wa kazi yao. Kuhusu ardhi, duara la aina hii linahitaji uwanja wa kama mita 30 hadi 40 kutoka ukingo hadi ukingo, na pale pasipotosha kuna yale madogo zaidi, ambayo kisiwa chake chote kinaweza kukanyagwa na lori. Kuhusu taa za kuongozea magari, ambazo baadhi yenu mnazipendelea, nauliza jambo moja tu: umeme ukikatika usiku wa Jumamosi, nani ataongoza?

Ninapotaka tukae kwa muda ni kwa waenda kwa miguu, kwa sababu ndio wengi na ndio wasiotajwa kwenye mikutano. Kivuko cha miguu kisiwekwe kwenye mdomo wa duara. Kinarudishwa nyuma kwa urefu wa gari moja, ili dereva amalize kwanza habari ya anayevuka, ndipo aanze habari ya kuingia. Katikati ya barabara, kati ya njia ya kuingia na ya kutoka, panajengwa kisiwa kidogo ambapo mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kusimama, akavuka upande mmoja, akapumzika, akavuka wa pili. Ndugu zetu wasioona wanavuka kwa kusikiliza, na kwenye kipilefti sauti ya magari haikatiki kama inavyokatika kwenye taa. Kwa ajili yao kivuko kinyanyuliwe kama tuta ili gari lipunguze mwendo kwa hakika. Na katikati ya duara pasiwe mahali pa kwenda. Sanamu si kitu kibaya, kwani kitu kilichoinuka kinamwonyesha dereva kutoka mbali kwamba njia imekatika mbele yake, lakini mabenchi na bustani ya kupumzikia vinawaita watoto wavuke pasipo na kivuko.

Pale kwenye kona yupo mama anayeuza mihogo ya kuchemsha na dagaa wa kukaanga. Meza yake iko hatua nne kutoka kwenye lami, nilizihesabu. Aliponiona na daftari aliniuliza, "Baba, mkichora hilo duara lenu, mimi nitakaa wapi?" Hilo ni swali la kiufundi kama lilivyo la upana wa njia. Wateja wake wanasimamisha pikipiki palepale, na pikipiki iliyosimama kwenye njia ya kutokea inalifunga duara zima nyuma yake. Vivyo hivyo kijiwe cha bodaboda na kituo cha Hiace. Vyote vinapaswa kuchorwa kwenye mchoro uleule, siku ileile, vikipewa mahali penye kivuli na penye wateja, la sivyo vitarudi vilipokuwa ndani ya wiki moja, na hatutakuwa na haki ya kuwalaumu.

Kipilefti kina kikomo chake. Cha njia moja kinaweza kubeba takriban magari 20,000 kwa siku. Yakizidi hapo kinalemewa, na askari wa trafiki akiingia kuongoza kwa mkono, akisimamisha upande mmoja ili kuumaliza mwingine, kanuni ya kupishana inakufa. Aliyekaa Nairobi kwenye barabara ya Uhuru analijua hilo. Sisi hatujafika huko, ingawa hali inabadilika. Zamani magari ya Sengerema na Geita yalikuja kwa mafungu, kadiri kivuko cha Kigongo, yaani feri, kilivyoyashusha. Tangu Juni 2025, daraja la kilomita 3 lililochukua nafasi ya feri hiyo lilipofunguliwa, yanakuja mfululizo usiku na mchana, na yule aliyekuwa akivuka barabara baada ya fungu la feri kupita sasa hana fungu la kusubiri lipite.

Kwa kuwa barabara kuu iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu za taifa, na ile ya mwaloni iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, njia panda yetu ina wenye nyumba wawili, na mazungumzo yasiyo na wote wawili mezani hayatafika popote. Ninachoomba kutoka kwao na kwa jeshi la polisi ni ruhusa ya saa tatu, Jumapili moja mapema asubuhi. Tutachora duara kwa chokaa, tutapanga matairi mabovu pale kisiwa kitakapokuwa, kisha tutapitisha semi moja, basi moja, guta moja na baiskeli, na kila anayepinga asimame pale aone kwa macho yake tairi la nyuma linapita wapi. Mwenye semi ameshapatikana. Matairi yako kwa fundi wa pancha. Na yule mama wa mihogo ameniambia atakuja na meza yake tupu, aiweke pale tutakapomwelekeza, kisha aende hadi stendi na kurudi kwa miguu, aone kama mtu anayekuja kutoka huko ataweza kuiona.